Antara bin Shaddad: Jina la Abla Baina ya Mikuki

Wapenzi wasomaji, leo nawaomba tusafiri pamoja. Tutweke tanga kwa upepo wa kusi, njia ile ile ya majahazi ya mababu zetu, tushuke Uarabuni, tupande bara hadi Najd, kisha turudi nyuma zaidi ya miaka 1,400, kabla Mtume wetu (S.A.W.) hajapewa utume. Huko tutamkuta mpanda farasi mmoja mweusi, mdomo wake wa chini umepasuka, deraya yake imelowa jasho na damu, na mikuki yamjia kutoka mbele na kutoka ubavuni. Katika saa kama hiyo mwenye akili zake hufikiri namna ya kuiokoa shingo yake tu. Huyu fikira zake haziko hapo. Ziko kwenye hema la mbali, kwa binti wa ami yake aitwaye Abla.

Mtu huyo ni Antara bin Shaddad wa kabila la Banu Abs. Kwa Waarabu jina lake ni kama lilivyo kwetu jina la Fumo Liyongo: shujaa asiye mfano wake, na papo hapo malenga. Tofauti ni kwamba Liyongo aligombewa kwa sababu ya ufalme, na Antara aligombewa kwa sababu ya mama yake.

Nilimjua nikiwa mtoto chuoni. Maalim wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi siku za Alhamisi, tukishamaliza kudurusu, kutusimulia habari za washairi wa kale ili masikio yetu yazoee Kiarabu. Alitueleza ushujaa wa Antara akiitikisa bakora yake hewani kana kwamba ni mkuki, nasi tumekaa kitako mkekani vinywa wazi. Lakini kila alipofika kwenye habari za Abla alikohoa, akakifunga kitabu na kuturudisha kwenye nahau. Basi nikakua na nusu ya hadithi. Nusu ya pili nimeitafuta mwenyewe, kidogo kidogo, katika vitabu na kwa wajuzi, na kadiri nilivyoipata ndivyo nilivyotambua kwamba maalim alituficha ile iliyo nzito zaidi. Maana ukimtoa Abla, vita vya Antara ni kelele za vyuma tu.

Alizaliwa katika karne ya 6. Baba yake alikuwa Shaddad, mmoja wa waungwana wa Banu Abs. Wapo wapokezi wasemao kwamba Shaddad ni babu yake na baba hasa ni Amr, lakini jina lililoshika ni la Shaddad. Mama yake alikuwa Zabiba, kijakazi wa Kihabeshi. Katika zama hizo za Ujahilia, mtoto aliyezaliwa na bwana kwa kijakazi alikuwa mtumwa kama mama yake. Baba aliweza kumkiri akitaka, na mara nyingi hakutaka mpaka aone mtoto ana faida. Kwa hiyo Antara alilala jirani na baba yake na huku hana baba. Alichunga ngamia, akawakama, akawafunga viwele, akateka maji, na jioni akala kilichobaki.

Kwa ule mdomo wake uliopasuka walimpa lakabu ya al-Falhaa. Na kwa rangi yake wakamtia katika fungu la washairi waliowaita kunguru wa Waarabu, yaani wale ambao baba zao ni Waarabu na mama zao ni weusi. Miongoni mwao alikuwamo pia Sulayk bin Sulaka, mwenye sifa ya mbio, na Khufaf bin Nudba, ambaye alijaaliwa kuuwahi Uislamu akawa sahaba. Tazama majina hayo: Sulaka ni mama, na Nudba ni mama. Mwarabu wa zama hizo alipomwita mtu kwa jina la mamake, aghalabu hakuwa akimsifu.

Siku ya kubadilika mambo ilikuja kwa njia ya uvamizi. Kabila jingine liliwavamia Banu Abs, likawaswaga ngamia wao. Vijana wa kabila wakatoka kuwafuata, na Antara akiwamo, lakini yeye alisimama kando na mikono yake ameikunja. Baba yake akampigia kelele ashambulie. Antara akamjibu kwamba mtumwa hajui kushambulia. Ajualo yeye ni kukama na kufunga viwele. Wakati ule ngamia walikuwa wanatoweka machoni, na pamoja nao chakula cha mwaka mzima. Shaddad akasema neno ambalo hakupata kulisema kwa miaka yote ile: shambulia, na wewe ni huru. Antara akaingia, akapigana mpaka akazirudisha mali zote, na tangu hapo baba akamtia katika nasaba yake.

Kisa hiki kimesimuliwa mara elfu kama kisa cha furaha. Mimi nikikisoma huona uchungu kwanza. Baba yule alikuwa na mwana yule yule jana na juzi, damu ile ile, sura ile ile, wala hakumwona. Hakumpa uhuru kwa mapenzi wala kwa haki. Alimnunulia kwa bei ya ngamia walioporwa. Na Antara, naye si mjinga, aliielewa biashara ile tangu siku ya kwanza. Alijua kwamba thamani yake yatoka kwenye upanga, na siku upanga utakapokaa alani, watu watakumbuka tena Zabiba ni nani.

Na kweli walikumbuka. Alipotaka kumwoa Abla binti Malik, binti wa ndugu wa baba yake, akakataliwa. Kwa desturi ya Waarabu, na hata kwetu pwani tunaijua desturi hiyo, mtu wa kwanza mwenye haki ya kumposa msichana ni mwana wa ami yake. Antara alikuwa huru sasa, ana nasaba, ana jina, tena ndiye ngao ya kabila zima. Lakini shingo huachwa huru kwa neno moja, na ndimi za watu haziachi. Wakamwona si kufu.

Neno hili kufu nalijua vizuri. Miaka zaidi ya 20 iliyopita nilikuwa mmoja wa washenga tuliopeleka posa ya rafiki yangu. Kijana mwenye kusali, mwenye kazi yake, mpole, aliyesoma dini na dunia. Tukakaribishwa kwa heshima, kahawa na halua. Mzee wa nyumba hakuuliza dini yake wala tabia yake. Aliuliza bibi yake mzaa baba alitoka wapi. Tukatazamana. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kwa maneno laini sana, kwamba binti angali anasoma. Mji sitautaja wala ukoo sitautaja. Rafiki yangu alikwenda zake Ghuba kufanya kazi, na mpaka leo akinipigia simu huniuliza habari za mtaa ule kabla ya kuniuliza hali yangu. Jina hataji. Nami humjibu kuhusu mtaa, nikataja nyumba moja moja mpaka nifike kwenye ile.

Turudi Najd. Abla mwenyewe tunamjua kidogo sana. Katika kasida humwita pengine kwa jina lake na pengine kwa jina la heshima la Ummul-Haytham. Ametusifia meno yake, harufu ya kinywa chake na namna alivyohama usiku na ngamia wa watu wake, lakini maneno ya Abla mwenyewe hayamo. Kama alimpenda, kama alimlilia, kama alimwonea haya, hatukuambiwa. Kwa hiyo twaujua upande mmoja tu wa mapenzi hayo, upande wa yule aliyekuwa juu ya farasi.

Vita vilivyomshughulisha Antara zaidi ni vile vya Dahis na Ghabraa, baina ya Banu Abs na ndugu zao wa Banu Dhubyan. Dahis na Ghabraa si watu wala si miji, ni farasi. Mkubwa wa Abs, Qays bin Zuhayr, na Hudhayfa bin Badr wa upande wa Dhubyan walishindanisha farasi kwa kuwekeana dau, na watu wa Hudhayfa wakavizia njiani wakamzuia Dahis asishinde. Kutoka hapo ikaja hasira, kutoka hasira ikaja damu, na damu ikadai damu. Yasemekana vita hivyo vilidumu miaka 40. Watoto waliozaliwa siku ya mbio zile walikufa watu wazima kwa ajili ya farasi ambao hawakupata kuwaona. Mwisho waliojitolea kuvizima ni mabwana wawili, Harith bin Awf na Harim bin Sinan, waliolipa dia za waliouawa kutoka katika mali zao wenyewe, na mshairi Zuhayr bin Abi Sulma akawasifu katika kasida yake mashuhuri.

Huo ndio uwanja ambao Antara aliimba ndani yake. Na kasida yake kubwa, ambayo ni miongoni mwa zile saba ziitwazo Muallaqat, ilizaliwa, kwa mujibu wa wapokezi, kutokana na tusi. Mtu mmoja wa kabila lake mwenyewe alimtukana barazani kwa weusi wake na kwa mama yake na ndugu zake, kisha akajisifu kwamba yeye ni mshairi bora kuliko Antara. Antara akamjibu kwamba hilo atalijua. Akaenda, na aliporudi alikuja na utungo ambao Waarabu wameupa jina la Mudhahhaba, yaani uliotiwa dhahabu. Yule mtukanaji, jina lake nani leo analijua?

Wenzangu washairi watapenda kujua kwamba umo katika bahari ya Kamil, beti zaidi ya 70, kila ubeti vipande viwili, na kina chake ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, cha mimu. Sisi twahesabu mizani. Wao hupima urefu na ufupi wa sauti, na Kamil ina mwendo kama wa kwato. Ukiusomewa na msomaji hodari, hata kama Kiarabu chako ni cha kubabaisha kama kilivyokuwa changu utotoni, kifua chako kitajua kwamba farasi wanakwenda.

Anaanza kwa kuuliza iwapo washairi waliomtangulia wamesaza lolote la kusemwa. Kisha yuko Jiwaa, mahali palipokuwa makao ya Abla, anaisalimu nyumba isiyo na mtu. Abla amehama. Amekwenda kukaa katika nchi ya maadui, na kumfikia kumekuwa kugumu. Halafu anasema jambo ambalo wafafanuzi wamehangaika nalo karne na karne: kwamba mapenzi hayo yalimnasa bila kutaka, huku yeye anawaua watu wake Abla. Itakuwaje awaue watu wake, ilhali watu wake ndio watu wa Abla? Wengine wanasema ni sababu ya vita vya ndugu kwa ndugu, pengine ukoo wa Abla ulikaa upande wa pili kwa muda. Mimi si mfafanuzi. Lakini mtu aliyepata kumpenda binti ambaye jamaa zake hawamtaki halioni gumu neno hilo.

Baada ya hapo kasida yaingia vitani, na hapa ndipo penye siri ambayo maalim alitufungia. Antara hasimulii vita vyake kwa mfalme wala kwa kabila wala kwa maadui. Anamsimulia Abla. Anamwita binti Malik, anamtaka awaulize wapanda farasi habari zake ikiwa yeye hazijui. Watamwambia jinsi anavyojitosa kwenye mapigano na jinsi anavyojiweka kando wakati wa kugawana ngawira. Fikiri, msomaji. Mtumwa wa jana, ambaye ngawira moja ingemtosha kulipa mahari, anakaa kando wenzake wanapogawana. Kwa nini? Kwa sababu kinachotakiwa kwake si ngamia. Waliomkataa hawakumkataa kwa ufukara. Anataka shahidi, na shahidi hanunuliwi kwa ngawira. Na uwanja wa vita ndio mahali pekee katika Najd nzima ambapo hakuna aliyemwuliza mama yake ni nani.

Ndiyo maana nimesema fikira zake kwa Abla baina ya mikuki si ndoto za mtu aliyechoka. Askari wengi humkumbuka mpenzi ili wasahau vita kwa muda. Antara hakuwa akikimbia vita kwa kumkumbuka Abla. Vita vilikuwa ndiyo posa yake. Kila pigo lilikuwa neno katika barua aliyokuwa akiiandika kwenda kwenye hema moja, na mshenga wake ni yeyote atakayenusurika akarudi kuieleza.

Beti zake mbili ambazo kila Mwarabu anazijua, zile anazosema alimkumbuka wakati mikuki na panga zilikuwa zikinywa damu yake, na akaufananisha mng'aro wa panga na tabasamu lake, hazimo katika riwaya zote za kasida hiyo, na wapo watafiti wanaotia shaka kama ni zake. Inawezekana. Lakini hata kama zilitungwa na mwingine baada yake, huyo mwingine alikuwa amemwelewa sawasawa.

Sitaacha kumtaja farasi wake. Karibu na mwisho wa kasida, mikuki imejaa kifuani mwa farasi kama kamba zinazoning'inia kisimani, na mnyama yule anamgeukia bwana wake kwa chozi na kwa mlio mdogo. Lau angejua kusema angemlalamikia. Na lau angejua kusema angesema nini, Antara hatuambii. Nimesoma tungo nyingi za vita, zetu na za wengine, na sikumbuki mahali pengine ambapo shujaa anasimama katikati ya sifa zake mwenyewe ili kumsikiliza mnyama anayeumia. Mtu aliyeishi miaka mingi bila kuruhusiwa kusema alijua kumtambua mwingine asiyeweza kusema.

Kadhalika katika diwani yake kuna anapojisifu kwamba hutazama chini akimwona mke wa jirani, mpaka aingie nyumbani kwake ajisitiri. Hayo ni maneno ya mtu wa Ujahilia. Ndugu zangu wa barazani mnaokaa njia panda jioni, nimewatajia tu.

Je, alimpata Abla? Wapokezi wa zamani hawakubaliani. Jibu la furaha limetoka kwenye kitabu kingine, Sirat Antar, hadithi ndefu iliyokua kwa karne nyingi vinywani mwa wasimulizi baada ya Uislamu kuenea, na ambayo husingiziwa mwanachuoni al-Asmai. Humo Malik ami yake anamtaka mahari ya ngamia 1,000 kutoka katika mifugo ya fahari ya Nu'man, mfalme wa Hira, akitaraji kwamba atafia njiani. Antara anakwenda, anafungwa, anatoka, anarudi na ngamia, na baada ya mizengwe mingine chungu nzima anamwoa. Mjini Cairo, katika karne ya 19, walikuwako wasimulizi waliokaa mikahawani wakiisoma hadithi hiyo usiku baada ya usiku, na walikuwa na jina lao maalumu, Anatira. Mwingereza Edward Lane aliwaandika katika kitabu chake cha 1836. Baadaye Mrusi Rimsky-Korsakov alimtungia muziki mwaka 1868, na Wamisri wakamtia katika filamu, miongoni mwao ile ya 1961 aliyoicheza Farid Shawqi.

Lakini kuna jambo moja katika Sira hiyo linaloniudhi. Wasimulizi hawakuweza kuvumilia kwamba shujaa wao ni mtoto wa kijakazi. Basi mbele huko wakagundua, ati, kwamba Zabiba hakuwa kijakazi wa kawaida bali alitoka katika ukoo wa wafalme wa Habash, akatekwa kwa bahati mbaya. Wamemfanyia hisani Antara, na kwa hisani hiyo wamekubaliana na Malik. Kana kwamba ile posa ilistahili kukubaliwa kwa kuwa mama alikuwa binti wa mfalme! Antara wa kasida hakujificha hivyo. Kuna anaposema kwamba nusu yake yatoka kwenye heshima ya Abs, na nusu iliyobaki ataihifadhi kwa upanga wake. Hakumtafutia mama yake taji.

Nasi pwani tuna nini cha kusema? Tulikuwa na masuria katika majumba, na watoto wao. Sayyid Barghash wa Unguja, aliyeleta maji ya mfereji mjini na ambaye mababu zetu walimwogopa na kumheshimu, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, kama Zabiba. Hakuna aliyemkatalia kiti kwa sababu hiyo, kwa kuwa sheria ya Kiislamu ilikwisha kubadili kanuni ile ya Ujahilia: mtoto wa bwana kwa suria wake huzaliwa huru, na mama huyo hauzwi tena, na bwana akifa huwa huru. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya sahaba Abu Dharr, aliyemwaibisha mtu kwa ajili ya mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba yeye ni mtu ambaye bado ana Ujahilia ndani yake. Abu Dharr, mtu mkubwa katika dini! Utumwa ulifutwa kisheria pwani yetu ya Kenya mwaka 1907. Miaka zaidi ya 100 imepita, na mzee mmoja, mbele ya kahawa na halua, bado anauliza bibi wa kijana alitoka wapi.

Imo pia katika Kitab al-Aghani riwaya kwamba Mtume alisomewa ubeti mmoja wa Antara, akasema hakupata kusifiwa bedui yeyote akatamani kumwona isipokuwa huyo. Wanavyuoni wa hadithi hawaipi nguvu, na mimi siitaji kama hoja. Naitaja kwa sababu Waislamu wengi kizazi baada ya kizazi waliipenda, na watu hupenda kusikia kile ambacho nyoyo zao zilikuwa zimekwisha kukisema.

Kuhusu kufa kwake, wengi hukadiria kwamba ni kama mwaka 608, miaka miwili kabla ya wahyi wa kwanza kushuka Hiraa, akiwa mzee. Wapo wasemao alikwenda kudai ngamia aliyekuwa akimwia mtu, akakutwa njiani na upepo mkali wa jangwani ukamwua. Wapo wasemao alianguka kutoka farasini katika uvamizi dhidi ya Banu Tayyi, asiweze kupanda tena kwa uzee, wakamkuta kichakani. Na wapo wasemao ni mshale wa mtu wa kabila hilo hilo, aliyeitwa al-Asad al-Rahis. Najd hadi leo, huko Uyun al-Jiwaa katika Qasim, watu humwonyesha mgeni jiwe kubwa na kumwambia kwamba hapo Antara alikuwa akionana na Abla.

Wasimulizi wa mikahawani walichagua kifo cha mshale, wakakipamba. Mshale una sumu. Antara anajua hapiti usiku ule. Watu wake ni wachache, wanawake na watoto wamo safarini, na maadui wanawafuata kwa mbali. Anawaambia watangulie. Yeye anapanda farasi wake Abjar, anasimama katikati ya njia nyembamba ya bonde, ameuegemea mkuki wake uliochomekwa mchangani, uso kwa adui. Maadui wanamwona, wanasimama. Hakuna anayethubutu kusogea. Jua linapanda, na yule pale hatikisiki. Nyuma yake msafara unakwenda, na katika msafara yumo Abla, juu ya ngamia, mpaka vumbi lao likatoweka. Mmoja wa maadui akaona ajabu jinsi farasi alivyotulia mno, akamwachilia farasi jike kumtikisa. Abjar akaruka. Bwana wake akaanguka chini na kishindo cha deraya, naye alikuwa amekwisha kufa zamani.